Betri ya Pikipiki Haifi Bure

Pikipiki inapokataa kuwaka asubuhi, lawama ya kwanza huiangukia betri. Mwenyewe hununua mpya kwa fedha nyingi, na baada ya majuma machache hiyo nayo hufa. Kosa huwa ni kununua kabla ya kupima.

Betri ya volti 12 yenye risasi na asidi ina vyumba sita, kila kimoja chenye volti 2.1 hivi. Ikiwa imejaa na kutulia, voltimita huonyesha takriban 12.6. Ikionyesha 12, chaji inakaribia kwisha.

Hapo injini iwashwe kwa kiki, iongezwe mwendo kiasi, kisha kipimo kirudiwe. Volti zikifika kati ya 13.5 na 14.5, mtambo wa kuchaji ni mzima. Ishukiwe betri yenyewe, au umeme unaovuja wakati swichi imezimwa. Zisipopanda, betri mpya haitafaa kitu. Sumaku inayozunguka kando ya koili huzalisha mkondo geu, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, nao hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu kabla ya kuingia betrini. Koili iliyoungua au waya uliokatika huikatiza safari hiyo. Volti zikizidi 15, kidhibiti kimeharibika, na maji ya betri hukauka upesi.

Je, taa huwaka vema lakini stata hulia “ta” tu? Taa ya wati 35 huvuta amperi 3 hivi. Stata huvuta makumi ya amperi. Kutu kidogo kwenye vichwa vya betri hupitisha ule mkondo mdogo na kuuzuia huu mkubwa. Visafishwe na kukazwa kwanza. Dawa hiyo haina gharama.