Hofu ya Kuanguka Inapomketisha Mzazi



Mwaka uliopita, baada ya darsa ya akina mama, tuliulizwa swali na binti mmoja kwa niaba ya mamake. Mama huyo amepita miaka 70, na alikuwa akiogopa kuanguka anaposimama katika swala. Je, aweza kuswali ameketi? Tulijibu papo hapo kwamba aweza. Hadithi ya Imran bin Husayn iliyomo katika Sahihi Bukhari iko wazi: asiyeweza kusimama ataswali ameketi, na asiyeweza kuketi ataswali kwa ubavu. Binti akashukuru akaenda zake, nasi tukaona kazi yetu imekwisha.

Miezi michache baadaye tulikwenda kumjulia hali. Tulimkuta mama ambaye zamani alishuka mwenyewe kununua samaki, sasa ashikwa mikono miwili kwenda chooni. Hakuwa ameanguka hata mara moja. Aliyeanguka ni jirani yake, akavunjika nyonga, na habari ile ikamwingia huyu moyoni. Akaacha ngazi. Akaacha harusi na matanga. Mwisho akaacha kusimama katika swala, na ruhusa ya hilo tulimpa sisi bila ya kumuuliza neno: hawezi kusimama, au aogopa kusimama?

Tulipomuuliza siku hiyo, alijibu: "Kufa siogopi, Shekhe. Naogopa kuvunjika nikawalemea watoto."

Hofu yake haikuwa ya upuuzi. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi wao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Hofu ya kadiri humfanya mzee akaushe sakafu ya choo, apandishe pindo la buibui anapopanda ngazi, na awashe taa kabla ya kuamka Alfajiri. Lakini ikipita kadiri hugeuka. Mwenye kuogopa huketi. Mwenye kuketi hupungukiwa na nguvu za mapaja na mizani ya mwili. Na aliyepungukiwa na hayo huanguka kwa jambo dogo. Nasi jamaa twaichochea hofu hiyo kwa mapenzi. Ni nyumba ngapi ambazo mama akijiinua tu hupigiwa kelele, "Keti, mama, utaanguka!" Maneno hayo husemwa kwa huruma, na kila siku humtoa katika nyumba yake chumba kimoja.

Wataalamu wa tiba ya wazee wana njia ya kuipima hofu hii. Mwaka 1990 daktari wa Marekani, Mary Tinetti, na wenzake walitoa orodha ya maswali. Mwaka 2005 wataalamu wa Ulaya wakaitengeneza upya kwa maswali 16, kisha mwaka 2008 ikafupishwa kuwa 7. Mzee huulizwa ana wasiwasi kiasi gani wa kuanguka anapovaa au kuvua nguo, anapooga, anapoketi kitini au kuinuka, anapopanda au kushuka ngazi, anaponyoosha mkono kuchukua kitu kilicho juu ya kichwa au kilicho chini, anapopanda au kushuka mteremko, na anapotoka kwenda kwenye mkusanyiko, kama vile ibada au shughuli ya ukoo. Kila jibu lina alama, kuanzia 1 kwa asiye na wasiwasi kabisa hadi 4 kwa mwenye wasiwasi mwingi. Jumla haipungui 7 wala haizidi 28, na kuanzia 14 huhesabiwa kuwa hofu kubwa. Jambo aliloacha kulifanya huulizwa vilevile: lau angelifanya leo, angeogopa kiasi gani?

Maswali hayo mwaweza kuyauliza nyumbani, kwa sharti moja ambalo akina binti wetu huliona gumu: mama ajibu mwenyewe. Siku ile tulipouliza la ngazi, sauti tatu zilimjibia kabla hajafungua kinywa.

Alama peke yake haziambii kama hofu imezidi. Sharti ziwekwe kando ya uwezo wa mwili. Kwa hiyo kliniki huongeza kipimo kingine: mzee huinuka kitini, hutembea mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, hugeuka, hurudi na kuketi, na saa ikihesabu. Wataalamu wa Marekani huzitazama sekunde 12 au zaidi kuwa dalili ya hatari. Mwenye alama nyingi na mwendo mzuri, huyo hofu yake imempita mwili. Yuko na kinyume chake, mzee mwenye miguu dhaifu asiyeogopa kitu, naye ahitaji kuangaliwa zaidi.

Mama yetu alipata alama 19. Mwendo wake ulichukua sekunde 15. Hofu iliyoanza bila ya sababu ya mwili, sasa ilikuwa imejizalia sababu.

Huko kliniki dawa zake zilikaguliwa, kwani baadhi ya dawa za presha na za usingizi huleta kizunguzungu, na macho yake yakapimwa. Kisha mtaalamu wa viungo akampa kazi ya kila siku: kuinuka kitini na kuketi, mara chache kwanza, ukuta ukiwa karibu na mtu kando yake asiyemshika. Hilo la kutomshika ndilo lililowatesa wanawe.

Nasi tulikuwa na deni letu. Tulimweleza kwamba ruhusa ya kuketi hufuata udhuru, na udhuru ukipungua kisimamo hurudi kwa kadiri ya uwezo. Kusimama kwa kuegemea ukuta au kushika bakora si aibu kwake. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa mtu mzima na mwili ukawa mzito, aliweka nguzo mahali pake pa kuswalia akiiegemea. Bi Mkubwa aliposikia hayo alinyamaza kitambo, kisha akauliza kwa nini hatukumwambia mwanzo. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Siku hizi msala wake umetandikwa kando ya ukuta, na kiti kiko nyuma yake. Alfajiri huisimamia rakaa zote mbili; Adhuhuri na Alasiri husimama rakaa mbili za mwanzo, na akichoka huketi. Ngazi za kwenda darsani bado hajazipanda. Ameomba achukuliwe azitazame kwanza.