Andaa karatasi za mtoto kabla ya kupanda boti

Shule zikifungwa Juni na Desemba, familia nyingi za Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju hupanga safari ya kuvuka maji kwenda Unguja. Wengine wanakwenda kumsalimia bibi, wengine wana harusi, wengine wanataka tu watoto wapaone Forodhani. Nauli hukusanywa kwa miezi, nguo hununuliwa Kariakoo, zawadi hufungwa mapema. Karatasi za mtoto hukumbukwa usiku wa mwisho, na hapo ndipo wengine hugundua kuwa cheti cha kuzaliwa hakijawahi kufuatiliwa.

Mtanzania hahitaji pasipoti kwenda Zanzibar. Mtu mzima huonyesha kitambulisho, kama vile cha Taifa, cha mpigakura au leseni ya udereva. Mtoto hana hata kimoja kati ya hivyo. Kinachomtambulisha ni cheti chake cha kuzaliwa, ambacho pia humaliza ubishi wa umri pale mzazi anapokata tiketi ya nauli ya mtoto. Beba cheti halisi au nakala yake inayosomeka.

Jina lake liwe kwenye orodha

Ukiona kuandikisha majina ni usumbufu wa makarani, kumbuka yaliyotokea kwenye bahari yetu. Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake, na idadi ya waliokuwamo ikabaki kuwa ya mabishano. Haukupita mwaka, Julai 18, 2012, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam nayo ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe.

Ajali inapotokea, orodha ya abiria ndiyo inayowaambia waokoaji wanamtafuta nani. Mtoto aliyepakatwa bila kuandikwa hayumo kwenye hesabu. Kwa hiyo hakikisha hata mchanga wa miezi mitatu ameandikwa kwa majina yake, na kata tiketi kwa kampuni yenyewe badala ya kumpa fedha mtu wa getini. Ukishakaa, muulize mhudumu jaketi okozi za watoto ziko wapi.

Tangazo si cheti

Wazazi wengi huchanganya karatasi mbili. Ile mama anayopewa hospitali baada ya kujifungua ni tangazo la kizazi. Inathibitisha kuwa mtoto amezaliwa, lakini si cheti. Kwa Tanzania Bara, cheti hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), kupitia ofisi ya msajili wa wilaya au mfumo wake wa mtandaoni.

Mtoto anatakiwa asajiliwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Muda huo ukipita bado anasajiliwa, ila mzazi hutakiwa kuleta vielelezo zaidi, kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au nyaraka za shule. Kazi hiyo haifanyiki usiku mmoja. Kusajiliwa si fadhila pia: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kumsajili.

Linganisha majina kabla ya kwenda dirishani. Kadi ya kliniki ikisema Hadija, shule ikaandika Khadija, na baba akiwa na majina matatu kwenye kitambulisho lakini mawili kwenye cheti cha mtoto, utaulizwa. Rekebisha sasa, maana tofauti hiyo hiyo itakusumbua kwenye bima, mitihani na pasipoti.

Anaposafiri na shangazi

Si kila mtoto husafiri na mzazi wake. Akipelekwa na shangazi, mjomba au bibi, mzazi aandike barua ya ridhaa inayotaja jina la mtoto, anayemsindikiza, anakokwenda, tarehe ya kurudi na namba za simu, kisha aipeleke ofisi ya serikali ya mtaa igongwe mhuri. Ambatisha nakala ya kitambulisho chako. Tanzania ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, na ofisa akimuuliza shangazi maswali anamlinda mwanao.

Bahasha ya afya

Kadi ya kliniki ya mtoto mdogo isibaki nyumbani. Ina chanjo zake na uzito wake, na daktari asiyemjua hupima dozi kwa uzito. Mwenye pumu, kifafa au selimundu abebe barua fupi ya daktari inayotaja ugonjwa na dawa anazotumia. Dawa zibaki kwenye vifungashio vyake, na ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalopakiwa. Kama ana bima, uliza kabla ya safari ni hospitali gani za Unguja zinaipokea.

Juni ni msimu wa kusi na bahari huchafuka, hivyo watoto wengi hutapika. Usimpe dawa ya kichefuchefu ya mtu mzima. Promethazine, kwa mfano, haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili.

Akivuka mpaka

Safari ikiwa ya Mombasa au Comoro, mambo hubadilika. Kila mtoto anahitaji hati yake ya kusafiria, inayoombwa Uhamiaji, na safari ya karatasi huanza na kile kile cheti cha kuzaliwa. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha. Nchi ikidai chanjo ya homa ya manjano, mtoto achanjwe siku 10 au zaidi kabla ya kuingia, maana cheti huanza kutambulika baada ya siku hizo. Tangu Julai 2016, cheti hicho kinatumika maisha yote.

Jioni hii, toa karatasi za watoto wote kabatini, uzipige picha kwa simu na mtumie ndugu mmoja unayemwamini. Ukikuta pengo, bado una muda wa kuliziba kabla ya likizo.