Wanubi wa Kibera na Swali la Kabila

Kijana wa Kenya atimizapo miaka 18 huenda kuomba kitambulisho, ambacho wazee wengi wangali wakikiita kipande, kwa kukumbuka kile cha zamani kilichotiwa ndani ya kikopo cha bati na kuvaliwa shingoni tangu mwaka 1920. Fomu yenyewe ni fupi. Karani huandika jina, mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi, na wilaya ya asili. Kijana akiitwa Otieno au Mutua, jina lake tu lamtangulia mlangoni na kumjulisha. Lakini tuseme anaitwa Ramadhani Juma, na amezaliwa Kibera, na baba yake amezaliwa Kibera, na babu yake kadhalika. Jina hilo lamwambia karani kwamba mwenye kusimama mbele yake ni Mwislamu. Halimwambii ametoka mlima gani wala mto gani. Ndipo huja swali, "Kabila?" na jawabu, "Mnubi."

Kwa miaka mingi jawabu hilo halikutosha. Kijana alirudishwa nyumbani, akaambiwa arejee siku fulani mbele ya baraza la wachunguzi, naye alete cheti chake cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, na pengine hati za babu. Wenzake wa darasa moja, waliokaa naye katika benchi moja tangu shule ya msingi, walikuwa wamekwisha kupata vyao.

Msomaji aliyezaliwa Nyeri au Machakos huenda asifahamu mara moja uzito wa jambo hilo, maana hajapata kuulizwa. Pasipo kitambulisho mtu hawezi kupiga kura, wala kufungua hesabu ya benki, wala kuandikwa kazi ya mshahara. Hata kuingia katika nyumba kubwa za ofisi mjini Nairobi ni taabu, kwa sababu askari wa mlangoni hukitaka kwanza. Kijana akikamatwa usiku bila hicho, ni juu yake kueleza yeye ni nani.

ASKARI WA EMIN PASHA

Habari ya Wanubi yaanza mbali na Nairobi, katika jimbo la Ikweta upande wa kusini wa Sudan, ambalo lilitawaliwa na Misri. Liwali wake wa mwisho alikuwa Emin Pasha, Mjerumani aliyezaliwa Myahudi, akabatizwa utotoni, na mwishowe akachukua jina la Kiislamu. Kwa hiyo yeye mwenyewe angalipata shida kujaza fomu ya karani. Mahdi alipoinuka na kuitwaa Sudan katika miaka ya 1880, Emin na askari wake walikatiwa njia ya kaskazini. Mwaka 1889 Stanley alimtoa Emin, akampeleka pwani. Askari wengi walibaki nyuma karibu na Ziwa Albert, pamoja na wake zao, watoto wao na watumishi wao, chini ya mkubwa wao Selim Bey.

Huko ndiko Kapteni Lugard alikowakuta mwaka 1891. Alikuwa akiitumikia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, naye alihitaji sana askari waliojua bunduki. Akawachukua mpaka Uganda. Tangu siku ile bendera ya Mwingereza haikwenda mahali katika nchi hizi ila Msudani alikuwa mbele yake. Walichoshwa kwa safari zisizokwisha na kwa mshahara mdogo, hata mwaka 1897 kundi moja liliasi karibu na Eldama Ravine, na vita vya kuwazima vilikuwa vikali. Lakini wengine hawakuasi, na mwaka 1902 jeshi la King's African Rifles lilipoundwa, wao walikuwa miongoni mwa askari wake wa kwanza. Watoto wao walipigana na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, na wajukuu walikwenda Uhabeshi na Burma katika ile ya pili.

Watu hao hawakuwa kabila moja walipotoka. Walikuwamo Wabari, Wadinka, Washiluki, Wamakaraka, Wakakwa na wengine wengi. Kilichowaunganisha ni vitu vitatu: kambi ya jeshi, dini ya Kiislamu, na lugha ya Kiarabu cha askari, ambayo katika vinywa vyao imegeuka kuwa lugha nyingine kabisa, Kinubi. (Mwarabu wa Muscat akiisikia hukamata neno hapa na neno pale, kisha hupotea.) Na kila walipopiga kambi walioa. Wake wengi walikuwa wa Uganda, wengine Wakikuyu, Wamasai, Wakalenjin, Waluhya. Mwanamke aliingia katika dini, akajifunza Kinubi, akavaa gurbaba, akajua kupika kisra na kusuka vile vifuniko vya sinia vya rangi nyingi ambavyo Wanubi husifiwa kwavyo, na watoto wake wakawa Wanubi. Kwa hiyo katika mishipa ya Mnubi wa leo imo damu ya makabila ambayo hakuna anayeyauliza kama ni ya Kenya. Bibi yake akiwa mzaliwa wa Kiambu, hilo halikuhesabiwa alipofika barazani. Kilichotazamwa ni jina la baba na dini.

KIBERA

Askari waliomaliza utumishi hawakupewa pensheni. Badala yake, tangu karibu mwaka 1904, walionyeshwa mahali pa kukaa katika msitu uliokuwa kusini-magharibi ya mji mdogo wa Nairobi. Mahali hapo wakapaita Kibra, yaani msitu katika lugha yao. Mwaka 1918 Serikali ikatangaza rasmi eka 4,197 kuwa ardhi ya jeshi, na kila familia ikapewa hati ya kukaa na kulima. Walipanda mahindi na mboga, wakafuga ng'ombe na kuuza maziwa mjini, na wanawake wakapika pombe kali iliyopata sifa mbaya kwa polisi na sifa njema kwa wanywaji. Hilo halikupatana na dini, na masheikh walilisema, lakini lilisomesha watoto wengi.

Hati ile, hata hivyo, haikuwa hati ya kumiliki. Ilikuwa ruhusa tu. Mwaka 1928 eneo hilo lilitoka katika mikono ya jeshi likawekwa chini ya maofisa wa raia, na maofisa hao wakaanza kuliona kuwa ni kero karibu na mji unaokua. Tume ya Ardhi ya miaka ya 1930 iliwaona Wanubi kuwa wapangaji wa Serikali waliokaa kwa hiari yake. Hapo ndipo penye mzizi wa shida yote. Utawala wa kikoloni uliwagawa Waafrika kwa rizavu: Mkamba ana Ukambani, Mjaluo ana Nyanza, na asiye na rizavu hana kwao. Wanubi hawakuwa na rizavu. Serikali iliyowaleta ndiyo iliyowaita wageni.

Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, Katiba ilisema kwamba mtu aliyezaliwa Kenya, ambaye mzazi wake mmoja pia alizaliwa Kenya, ni raia tangu siku hiyo. Kwa maneno hayo Wanubi wengi walikuwa raia bila ya kuomba. Lakini sheria ni kitu kimoja, na meza ya karani ni kitu kingine. Karani alirithi pamoja na makabati na mihuri ile hesabu ya zamani ya kabila na rizavu, na alipokosa mahali pa kumwandika Mnubi, akamwandika katika "Wengineo."

Na ardhi iliendelea kupungua. Mitaa ya Jamhuri, Ayany na sehemu za Langata ilijengwa juu ya mashamba yao. Watu wa mikoa yote walimiminika Kibera kutafuta kazi, wakapanga vyumba kwa Wanubi, na mtaa ukawa nchi nzima ya Kenya katika maili chache. Kwa kawaida walikaa kwa amani. Mtoto wa Kijaluo wa Makina hujua salamu za Kinubi, na Mwislamu hupeleka sinia kwa jirani Mkristo siku ya Idi. Lakini mwishoni mwa mwaka 2001 ugomvi wa kodi za nyumba uligeuka kuwa vita vya mitaani, watu wakafa, na kilio cha "Wanubi rudini Sudan" kikasikika. Warudi Sudan ipi? Wengi wao hawajapata kuiona hata kwa macho.

DINI NA URAIA

Ni rahisi kusema kwamba shida hii yatokana na dini, na wako Waislamu wasemao hivyo. Ukweli una pande zaidi ya moja. Mdigo wa Kwale ni Mwislamu, na Kwale ni kwao, chifu wake anamjua. Ingawa hata pwani malalamiko ya kuulizwa hati za ziada yamesikika. Msomali wa Garissa ana wilaya yake, na bado mwaka 1989 Wasomali wa Kenya waliandikishwa upya na kulazimishwa kuchukua kadi nyingine juu ya kitambulisho, ambayo hakuna kabila jingine lililotakiwa kuwa nayo. Jina la Kiislamu peke yake halikumzuia mtu, na kukosa ardhi ya kabila peke yake hakukumzuia. Vitu hivyo viwili vilipokutana ndipo mlango ulipofungwa.

Wala Katiba ya nchi haikuwasahau Waislamu. Mahakama za Kadhi, zilizohifadhiwa kwa mapatano ya mwaka 1963 baina ya Serikali na Sultani wa Zanzibar, zimo tena katika Katiba ya 2010, ijapokuwa makanisa mengi yalizipinga kwa nguvu. Mnubi akitaka kugawa urithi aweza kwenda kwa Kadhi, naye Kadhi ni ofisa wa Jamhuri ya Kenya. Hapo ndipo pana jambo la ajabu: katika mirathi yake dola ilimtambua kuwa ni Mwislamu wake, na katika kitambulisho ikamwuliza ametoka wapi.

Wazee wa Kinubi hawakutupa mawe. Walikusanya hati. Kesi yao ilipochelewa katika mahakama za nchini, waliipeleka mbele ya vyombo vya Afrika. Mwezi wa Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika juu ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi, maana mtoto hastahili kukaa miaka 18 bila kujua kama ana nchi. Huo ulikuwa uamuzi wa kwanza wa Kamati hiyo tangu kuundwa kwake. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikasema kwamba uchunguzi ule wa ziada ulikuwa ubaguzi, tena kwamba wenye Kibera wapewe usalama wa ardhi yao.

Kabla ya hapo, katika hesabu ya watu ya mwaka 2009, Wanubi walikuwa wamekwisha kuhesabiwa kwa jina lao, wakaonekana kuwa zaidi ya 15,000. Ni idadi ndogo, lakini waliisoma gazetini kama mtu asomaye jina lake katika orodha ya waliofaulu mtihani. Mwezi wa Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya eka 288 za Kibera kwa jumuiya. Mwenye kuweka 288 kando ya 4,197 ataona kilichobaki. Hata hivyo wazee walilia.

Shida haikuishia hapo. Serikali ilipoleta andikisho jipya la mitambo, lile la Huduma Namba, chama kitwacho Nubian Rights Forum kilikwenda Mahakama Kuu, kikihofia kwamba asiye na hati za zamani atafungiwa nje ya hati mpya vilevile. Katika hukumu ya Januari 2020 majaji walikubali kwamba hofu hiyo ilikuwa na sababu, wakaizuia Serikali isiendelee mpaka sheria za kutosha ziwekwe. Kisha mwezi wa Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitangaza kwamba uchunguzi wa ziada kwa waombao vitambulisho katika wilaya za mpakani umekomeshwa. Wanubi, ambao mpaka wao ni barabara ya Ngong na reli, walilisikiliza tangazo hilo kwa makini sana.

Katika nyumba nyingi za Makina liko sanduku chini ya kitanda cha mama mwenye nyumba. Ndani yake mna ruhusa ya shamba ya babu iliyokunjwa mara nne, cheti cha kuachishwa jeshi, labda na nishani ya vita, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, na fotokopi za fotokopi. Tangazo la Wajir lilipotolewa, vijana wengine waliwaambia mama zao kwamba karatasi hizo sasa hazina kazi. Akina mama walizikunja tena, wakazirudisha sandukuni, wakafunga kwa ufunguo.