Hosteli mtaani: nani hasa anaamua?

1/ Kila msimu wa kampeni utaskia mgombea amesimama juu ya gari: "Mkinipa kura, hizi hosteli zimejaa mtaani nitazifunga!" Wiki inayofuata yuko mbele ya wanafunzi: "Nitahakikisha mmepata vyumba vya bei nafuu!" Ni mtu yule yule. Na mara nyingi kiti anachotafuta hakina nguvu ya kufanya lolote kati ya hayo mawili. Leo tuchambue hii kitu polepole.

2/ Niseme ukweli mapema, mimi niko pande zote mbili. Nasoma Bungoma, nakaa kwa ploti ya vyumba 14, vyoo viwili. Nyumbani ni Kitale, na mamangu hataki kuskia neno hosteli. Jirani aligeuza nyumba yake ya familia ikawa hosteli, sasa maji taka yanafika kwa ua wetu. Alinipigia: "Papa, si wewe ndiye unasoma siasa? Tuambie tunashtaki nani." Sikuwa na jibu. Ikabidi nisome sheria.

3/ Kwanza, mbona hosteli? Chukua Kibabii. Chuo kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili 2015. Wanafunzi huongezeka haraka kuliko mabweni, kwa hivyo mwenye shamba karibu na geti anaona vyumba vinalipa kuliko mahindi. Kitale nako kuna Kitale National Polytechnic, na vijana wengi wanaanza kazi mjini. Kushirikiana chumba si uhuni. Ndicho mfuko unaweza.

4/ Nani anaamua? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka mipango na nyumba chini ya kaunti. Halafu kuna sheria ya 2019 kuhusu mipango na matumizi ya ardhi: ruhusa ya ujenzi inatolewa na waziri wa kaunti anayehusika na mipango. Si chifu. Si mzee wa Nyumba Kumi. Si mbunge. Hata MCA hatoi hiyo ruhusa. Kazi ya MCA ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuwauliza mawaziri maswali magumu.

5/ Watu wengi hawajui hii: ruhusa haihitajiki kwa mjengo mpya tu. Ukibadilisha matumizi ya nyumba iliyopo kwa kiasi kikubwa, hiyo pia ni "ujenzi" machoni pa sheria. Kuanza bila ruhusa ni kosa: faini hadi shilingi 500,000, au kifungo hadi miezi miwili, au vyote viwili.

6/ Anayeomba ruhusa lazima ajulishe umma, na tangazo liwaalike watu kupeleka pingamizi. Lakini tuwe wakweli, nani mtaani hufuatilia matangazo? Wengi wetu tunajua kuna mjengo tukiona lori la mchanga. Na kuna mtego mwingine: mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, inachukuliwa amepewa ruhusa. Ofisi ikilala, jibu ni ndiyo.

7/ Uamuzi ukitoka na haujaridhika, wewe jirani uliyeguswa au mwenye ploti mwenyewe, una siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya uwiano ya mipango ya kaunti. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni kidogo sana. Ukingoja baraza la chifu la mwezi ujao, zimeisha.

8/ Sasa, pingamizi nzuri inafananaje? "Wanafunzi wana kelele" ni hasira. "Tangi la maji taka lilijengwa kwa familia moja, sasa linahudumia watu zaidi ya 20, na kisima changu kiko hapo chini" ni hoja. Ongea maji, choo, barabara, njia ya gari la zimamoto. Andika, weka tarehe, piga picha, baki na nakala.

9/ Kuwa macho ukiskia "hatutaki watu wa nje", au "hatutaki wasichana wasio na waume". Mipango inasimamia matumizi ya ardhi. Haichagui aina ya binadamu. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi, na kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao ya kufaa na usafi wa kiwango kinachokubalika. Huyo mwanafunzi ni "kila mtu". Mamangu pia.

10/ Na msidhani wananchi kukaa chini na kupanga mtaa wao ni ndoto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakazi wa Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa, hapo hapo Kitale, walishiriki mradi wa kupanga mitaa yao pamoja na baraza la mji.

11/ Nilimwambia mamangu tusiandike "fungeni hosteli". Ikifungwa katikati ya muhula, watoto wa watu watalala wapi? Alinikasirikia siku mbili. Halafu tukaandika pamoja: tuonyesheni kama ruhusa ilitolewa, na mwenye nyumba alazimishwe kurekebisha tangi. Barua imegongwa muhuri wa kupokelewa. Tunangoja.

12/ Kwa hivyo mgombea akija kwenu, muulize matatu. Moja, hiyo unayoahidi ni kazi ya kiti chako? Mbili, maombi ya ujenzi yatatangazwa wapi ili mama mboga ayaone? Tatu, ukifunga hosteli, waliomo unawapeleka wapi? Asipojibu la tatu, jua anawinda kura tu.

Kama mtaani kwenu kuna kesi kama hii, weka hapa chini. Majina ya majirani wacha nje, tafadhali.