Mdudu Mwekundu wa Mpungate

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, muutazame mpungate huu. Mnaviona hivi vyeupe, kama pamba iliyonasa kwenye miiba? Wengi wakiviona hudhani ni ukungu, wakakimbilia dukani kununua dawa. Ngoja kwanza. Chukua kijiti, kwangua kidogo, uponde ulichokwangua juu ya karatasi. Likitokea doa jekundu lililokolea, umempata mwenyewe: kochinili.

Jike lake halina mabawa. Akishachomeka mdomo wake mwembamba kwenye mmea hahami tena. Hukaa papo hapo akifyonza maji, amejifunika nta nyeupe, mpaka afe. Wanaotembea ni watoto wake, na upepo huwabeba hadi mmea mwingine. Ule wekundu humkinga dhidi ya sisimizi na maadui wengine. Wenyeji wa Meksiko waliujua zamani sana, kabla Wahispania hawajafika, wakawakausha wadudu hawa na kutilia nguo rangi.

Doa lisipokuwa jekundu, huyo huenda ni kidung'ata, mdudu mwingine mweupe. Huyu ni mjanja, maana wako wanaojificha mizizini. Ukiona mmea wa kwenye kopo unanyong'onyea na juu hauna kitu, ung'oe utazame chini. Ukikuta unga mweupe, osha mizizi, uanike kivulini siku chache, kisha upande kwenye udongo mpya.

Si kila doa ni mdudu. Ngozi ngumu ya kahawia shinani ni uzee tu, iacheni. Shina likilainika na kunuka, mmezidisha maji. Hapo dawa haisaidii. Kata sehemu iliyo nzima, kidonda kikauke kama wiki moja, ndipo upande. Na mmea wa miiba ukiukata ukatoa utomvu mweupe wa maziwa, huo si mpungate hata ukifanana nao. Utomvu huo usiguse macho yenu kabisa.

Tiba ya wadudu wachache ni mikono na subira. Utenge mmea na mingine. Lowesha pamba kwa spiriti ya duka la dawa, mguse mdudu mmoja mmoja. Wakiwa wengi, wasugue kwa mswaki wa zamani na maji yenye sabuni kidogo, suuza, rudia kila wiki, kwa sababu mayai hubaki yamejificha. Shikeni mmea kwa koleo: vile vimiiba vidogo vikiingia kidoleni vinasumbua siku nyingi.

Kwa nini sitaki mpulize sumu? Sisi wa Ugalla, Tanzania, tunaishi kwa asali. Nyuki wanaotoka kwenye mizinga ya porini huingia pia kwenye maua ya mpungate, na sumu haichagui.

Tena kochinili si adui kila mahali. Huko Laikipia, Kenya, mpungate uliotoka Amerika umevamia malisho. Tembo na nyani hula matunda na kusambaza mbegu, nao mbuzi huchomwa na vimiiba mdomoni mpaka tumboni. Kwa hiyo, katika miaka ya 2010, kochinili aliletwa huko kwa makusudi, aule mpungate huo. Lakini Tigray, Ethiopia, watu hula na kuuza tunda la mpungate, waliitalo beles. Kochinili alipelekwa huko mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa biashara ya rangi, akasambaa ovyo, akaangamiza mimea ya watu. Jamii ya wadudu inayomsaidia mfugaji wa Laikipia ndiyo inayomfilisi mkulima wa Tigray, na aliyewasafirisha ni binadamu.

Basi mkimkuta kochinili kwenye ua wa nyumbani, msivunje kipande mkampelekee rafiki akapande. Mwambieni mzazi amwite afisa ugani aje aone, kabla hamjakata wala kupuliza chochote.