Megapikseli Hazipimi Kamera ya Mtumba

Kamera ndogo zisizo na kioo cha kuakisi ndani, zile za kubadilisha lenzi, zilianza na Lumix G1 ya Panasonic mwaka 2008. Zilizotoka kati ya 2009 na 2014 sasa zimeshuka hadi bei ya mtumba, na kwa picha za kila siku, za watoto, za mtaani na za sherehe, bado zinafaa sana. Kinachomponza mnunuzi ni swali lake la kwanza, mara nyingi la pekee: "Ina megapikseli ngapi?" Muuzaji hulipenda swali hilo, maana jibu lake limeandikwa kwenye boksi na halimlazimu hata kuiwasha kamera.

Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Picha ya saizi ya postikadi, inchi 4 kwa 6, ikisafishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, huhitaji nukta 1,200 kwa 1,800, yaani megapikseli 2 na kidogo. Ukurasa mzima wa A4 haufikishi 9. Skrini ya televisheni ya 4K ina nukta milioni 8.3, ya simu yenye nukta 1,080 kwa 2,400 haifikishi milioni 3, na WhatsApp kwa kawaida huibana picha kabla haijamfikia mpokeaji. Olympus E-P1 ya mwaka 2009, yenye megapikseli 12, inayatosheleza yote hayo na nyingine hubaki.

Hata anayeruka kutoka 12 hadi 24 hapati picha yenye urefu na upana mara mbili. Nukta hugawanywa pande mbili, kwa hiyo kila upande huongezeka kwa takriban asilimia 41 tu. Nyongeza hiyo humfaa anayechapa mabango, au anayekata kona ya picha na kuikuza. Wengine huishia kujaza kadi ya kumbukumbu mapema.

Kinachoamua ubora ni ukubwa wa kihisi, yaani eneo linalopokea mwanga. Kihisi cha E-P1 kina milimita 17.3 kwa 13, eneo la milimita mraba 225 hivi. Kamera nyingi za mfukoni zina kihisi cha takriban milimita 6.2 kwa 4.6, eneo lisilozidi 29. Tofauti ni karibu mara nane. Mchana wa jua kali tofauti hiyo hujificha. Usiku, sebuleni penye taa moja, kamera ya mfukoni yenye megapikseli 20 hutoa chenga kwenye vivuli, kisha programu yake hujaribu kuzifuta na kuacha ngozi ya mtu ikiwa laini kama nta. Nukta ni nyingi, lakini kila moja imepata mwanga kiduchu.

Mbaya zaidi ni kamera za bei poa zinazojitangaza kuwa na megapikseli 48 ilhali kihisi chake hakina nukta hizo. Programu hubuni nukta za kujazia katikati ya zile halisi. Ni kama muuza maziwa anayeongeza maji: ndoo imejaa, maziwa ni yale yale.

Baada ya kihisi huja lenzi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Nikon 1 J1 ya mwaka 2011 ni ndogo na huvutia machoni, lakini kihisi chake ni karibu nusu ya kile cha E-P1, na Nikon iliufunga mfumo huo mwaka 2018. Canon EOS M ya mwaka 2012 ina kihisi kikubwa, lakini hulenga polepole, na lenzi zake za EF-M hazifungi kwenye kamera za Canon zilizofuata, za EOS R. Anayezinunua azichukue pamoja na lenzi atakazozitumia, asitegemee kupanda ngazi baadaye.

Chaguo salama zaidi ni chache. Olympus E-PL5 na Panasonic GX7 huazimana lenzi, na lenzi hizo ni ndogo na nyingi sokoni. Sony NEX-6 na a6000 zina kihisi kikubwa zaidi, na betri yao, NP-FW50, imetumika katika kamera nyingi. Fujifilm X-E1 inasifika kwa rangi, ila hulenga polepole, kwa hiyo haimfai anayekimbiza watoto. Penye bajeti finyu, ni heri bodi ya zamani yenye lenzi ya f/1.8, inayopitisha mwanga mwingi, kuliko bodi mpya zaidi yenye lenzi hafifu.

Ukaguzi huchukua dakika kumi. Mnunuzi aende na kadi yake. Apige picha ya ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo. Madoa meusi ni vumbi kwenye kihisi. Amulike tochi ya simu ndani ya lenzi. Nyuzi kama za utando wa buibui ni fangasi, jambo la kawaida kwa kamera zilizokaa kwenye joto na unyevu wa pwani. Kuianika lenzi juani si tiba: hata fangasi wakifa, alama walizochimba hubaki kwenye kioo. Betri iliyovimba ikataliwe, chaja ijaribiwe, kila kitufe kibonyezwe, na skrini inayokunjuka ikunjuliwe mara kadhaa ikiwa imewashwa. Mwisho, menyu isomwe: kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina lugha ya Kijapani pekee, na hakuna mpangilio wa kuibadilisha.