Je, Wajua? Chanjo na Kuni ni Ndugu

Mama wa Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, akikuambia anakwenda kuchanja, muulize kwanza: kuni au mtoto? Kitenzi ni kilekile. Kuchanja ni kupasua au kukata, na kama pambo linavyotoka kwenye kupamba, chanja limetuzalia chanjo.

Kabla ya sindano, mganga alichanja chale kwa wembe, akapaka dawa juu ya damu. Chanjo ya ndui nayo ilipitia kwenye ngozi iliyokwaruzwa, hivyo jina la zamani liliikaa vizuri. Leo matone ya polio hudondoshwa mdomoni mwa mtoto, hayakati popote, na bado tunayaita chanjo!

Wazungu wao walikwenda zizini. Neno lao la chanjo limetokana na vacca, yaani ng'ombe kwa Kilatini. Mwaka 1796 daktari Mwingereza, Edward Jenner, alimchanja mvulana wa miaka 8 kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, uliotoka mkononi mwa mkamua maziwa.

Jina hilo, kwa maoni yangu, lingewafaa zaidi Wamaasai na Waarusha, maana ng'ombe wao pia huchanjwa. Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, ina maajabu yake: ng'ombe hudungwa vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe, na papo hapo hudungwa dawa ya kuvidhibiti. Kisha huvishwa hereni sikioni, ili mnunuzi mnadani ajue keshachanjwa.